Shamba la Ndugu Asiyejiweza kwa Akili

Mzee mmoja wa Tongaren alifika ofisini kwetu. Mdogo wake ameugua akili miaka mingi, naye mzee ndiye alimaye shamba lake. Alitaka kuuza ekari mbili za mgonjwa alipie wanawe karo, akidhani barua ya chifu yatosha. Haitoshi.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 yataka kwanza mahakama ikuteue kuwa msimamizi wa mali. Mahakama Kuu iko Kitale na Bungoma pia. Ukisha kuteuliwa, katika miezi sita upeleke mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma orodha ya mali: shamba, ng'ombe, fedha, hata madeni. Kisha hesabu kila mwaka, kabla Machi haijaisha. Kuuza shamba, kuliweka rehani, au kulikodisha zaidi ya miaka mitano, huwezi bila idhini ya mahakama.

Basi fedha za mahindi yake ziandikwe katika daftari lake, si lako, na stakabadhi za dawa zitunzwe. (Asiyeona au asiyeweza kutembea, mwenye akili timamu, hahitaji msimamizi huyu, sahihi ni yake.)

Mzee alinunua daftari dukani, akarudi kwake. Ekari mbili hazijauzwa.