Maji ya Kilindini, Methani na Samaki: Kutoka Tanganyika hadi Bonde la Rukwa (Sehemu ya Pili)

Methani ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotengenezwa na vijidudu vinavyoozesha mabaki ya mimea na wanyama mahali ambapo oksijeni imekwisha, na kwa sababu hiyo matope ya chini ya maziwa na majaruba ya mpunga yamo miongoni mwa vyanzo vyake vikuu. Kwa uzito ulio sawa, na kwa kipimo cha miaka 100, gesi hiyo hulitia joto anga takribani mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi. Virutubishi ni madini yaliyoyeyuka majini, hasa yenye naitrojeni na fosforasi, ambayo mwani huyahitaji ili ukue. Mwani huliwa na viumbe wadogo mno wanaoelea, viumbe hao huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na samaki waitwao migebuka. Mambo haya mawili, methani na virutubishi, hufundishwa mbalimbali, ilhali katika ziwa lenye kina kirefu yanatawaliwa na jambo moja, yaani kuchanganyika au kutochanganyika kwa maji ya juu na ya chini.

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, ndilo mfano ulio bora. Maji yake ya juu yamepashwa joto na jua, nayo kwa kuwa ni mepesi huelea juu ya maji baridi yaliyo mazito, hata oksijeni haishuki zaidi ya mita 100 hivi upande wa kaskazini na 200 hivi upande wa kusini. Kila kinachokufa juu huzama na kuozea kilindini, na hivyo rutuba ya ziwa na methani hulimbikizana pamoja mahali ambapo samaki hawezi kuishi.

Katika makala ya kisayansi ya mwaka 2011, Edith Durisch-Kaiser na wenzake walikadiria kuwa ziwa hilo lina zaidi ya tani milioni 23 za methani, kisha wakauliza swali lililo zito kuliko kadirio lenyewe: kwa nini gesi hiyo haitoki? Jibu lina pande mbili. Kwanza, maji yaliyopangika kwa matabaka huiachia gesi ipande polepole mno. Pili, ikiwa njiani huliwa na vijidudu vinavyoitumia kama chakula, na sehemu ya kazi hiyo hufanyika hata pasipo na oksijeni.

Lakini tabaka hilohilo linalosaidia kulinda anga ndilo linalowanyima samaki riziki. Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, pepo za kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye virutubishi hupanda upande wa kusini kujaza nafasi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake, wakichunguza kaboni iliyohifadhiwa katika matope ya chini pamoja na kumbukumbu za joto na upepo, walionyesha kwamba ziwa limepata joto na upepo umepungua, hivyo uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, upungufu ambao waliukadiria kuwa sawa na asilimia 30 ya mavuno ya samaki. Wapo waliotaka lawama yote iwaangukie wavuvi. Utafiti huu unaonyesha kwamba hiyo si haki.

Ziwa Rukwa, ambalo hupokea maji ya mto Songwe unaopita Galula (si ule Songwe mwingine wa mpakani mwa Malawi), haliwezi kupimwa kwa kipimo cha jirani yake, Tanganyika. Ziwa hili halina mto unaotoka, maji yake ni ya magadi, nalo ni la kina kifupi, kiasi kwamba upepo huweza kuyakoroga maji yake hadi karibu na matope. Kwa hiyo virutubishi havifungwi kilindini, na methani inayozaliwa matopeni ina safari fupi tu hadi hewani, bila muda mrefu wa kuliwa na vijidudu. Mmomonyoko wa ardhi na mbolea inayosombwa kutoka mashambani huongeza rutuba, na rutuba ikizidi, mwani unaooza humaliza oksijeni na kuzidisha gesi. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania zinastahili kupewa vifaa na fedha za kupima virutubishi na methani mdomoni mwa Songwe katika masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka, na wavuvi wa huko washirikishwe tangu mwanzo.