Historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi: Ushahidi wa Wahitimu na wa Watunza Nyaraka

Atakaye kujua historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwa desturi hupewa orodha ya sheria na ya miaka. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Makala haya yanakusudia kueleza namna mashahidi wa aina mbili, yaani wahitimu kwa upande mmoja na watumishi wa maktaba na wa hifadhi ya nyaraka kwa upande mwingine, wanavyokamilishana, na kwa nini hakuna kati yao awezaye kusimama peke yake.

1. Chuo kimoja, majina mengi

Chuo hiki kiliundwa kwa amri ya mwaka 1955, kikafungua milango yake mwaka 1956 mjini Elisabethville, kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Katanga ilipojitenga, tangu 1960 hadi 1963, kiliitwa Chuo Kikuu cha Dola cha Elisabethville. Baadaye kikawa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo. Mji wenyewe ulipewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Mwezi wa Agosti 1971 serikali ilikiunganisha na vyuo vingine viwili: Lovanium ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1954, na Chuo Kikuu Huru cha Kisangani, kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963. Vyote vitatu vikawa kampasi za UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, na Lubumbashi ikapata chuo chake chenye kujitegemea.

Huenda msomaji akadhani kwamba hayo ni mabadiliko ya majina tu. Sivyo. Kwa mtunza nyaraka, kila jina ni mhuri mwingine, rejista nyingine, na mara nyingi ni rafu nyingine.

Tumchukue kwa mfano mwanafunzi mmoja, tusiyemtaja jina kwa kuwa anawakilisha wengi. Aliingia Lovanium mwaka 1969 kusoma fasihi. Mwezi wa Juni 1971, baada ya wanafunzi wa Lovanium kuwakumbuka wenzao waliouawa tarehe 4 Juni 1969, serikali iliwatia jeshini. Mwaka huohuo Kitivo cha Fasihi kikapelekwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1500 kutoka Kinshasa, naye akahama pamoja na masomo yake. Mwaka 1972, siasa ya uhalisi ilimlazimu kuacha jina lake la ubatizo. Akahitimu chini ya UNAZA. Baada ya 1990 akalirudia jina lile la kwanza. Basi mtu huyu mmoja ana majina mawili, miji miwili na vyuo viwili. Akihitaji leo ushahidi wa masomo yake, awe ni yeye mwenyewe kwa ajili ya pensheni au ni watoto wake baada ya kufa kwake, faili lake halitaonekana kwa kutafuta jina lililoandikwa katika kitambulisho chake cha sasa.

Hapo ndipo mashahidi wetu wawili wanapohitajiana. Mhitimu hukumbuka jina alilojiandikisha nalo, kampasi na mwaka. Mtumishi hujua rejista ipi ilifuata ipi na masanduku ya kitivo kilichohama yaliwekwa wapi. Ujuzi huo wa pili mara nyingi haukuandikwa popote. Uko kichwani mwa mtu, na siku anapostaafu bila kumfundisha mwingine, karatasi zinabaki lakini njia ya kuzifikia inapotea.

2. Makosa ya kumbukumbu na faida yake

Kumbukumbu hukosea, na hilo halina ubishi. Mhitimu akisema kwamba alisoma UNAZA mwaka 1970, hati zinamsahihisha mara moja, maana UNAZA haikuwapo kabla ya Agosti 1971. Hata hivyo mtafiti mwema haishii kufuta kosa. Huuliza limetoka wapi. Kosa la namna hiyo laonyesha jinsi jina la UNAZA lilivyoyafunika mengine katika fikra za kizazi kizima.

Hati nazo zina upungufu wake. Rejista husema nani alihamishwa, haisemi alivyopokewa. Aliyezoea Kilingala cha Kinshasa alikuta mji unaosema Kiswahili sokoni, ndani ya basi na jikoni mwa chuo. Mambo hayo hayana fomu ya kuyajaza. Asiyeyasimulia huenda nayo.

3. Usiku wa Mei 1990

Yako mambo ambayo kwayo suala hili si la elimu tu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, majuma machache baada ya Rais Mobutu kutangaza tarehe 24 Aprili mwisho wa chama kimoja, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliokufa imebishaniwa tangu siku hiyo: serikali ilikiri kifo cha mtu mmoja, wengine walitaja makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire kwa sababu hiyo.

Je, nyaraka za chuo zaweza kukata shauri hilo? Kwa kiasi fulani tu. Kwa kulinganisha rejista za kabla na za baada, mtumishi aweza kuonyesha nani hakurudi. Lakini kutorudi si kufa. Wengi walikimbilia kwao, wengine wakasoma kwingine, wengine wakaacha masomo kabisa. Na katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Shaba, mashahidi wengi walitawanyika tena. Ni mwenzi wa chumbani tu awezaye kusema: huyu nilionana naye baadaye, yule hatukumwona tena. Rejista hutoa majina, wahitimu hutoa hatima. Bila rejista, masimulizi yanabaki uvumi. Bila masimulizi, rejista ni orodha ya watoro.

4. Lugha ya ushahidi

Lugha ya mafundisho na ya ofisi ilikuwa Kifaransa, na anayesoma nyaraka peke yake ataamini kwamba Kiswahili hakikuwa na mahali chuoni. Hata hivyo Edgar Polomé, aliyefundisha hapa kabla ya uhuru, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi wa Kiswahili cha Lubumbashi, na Johannes Fabian alianza hapa, katika miaka ya 1970, kazi yake juu ya lugha hiyohiyo. Tena, mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Na mpango wa «Kumbukumbu za Lubumbashi», ulioanza mwaka 2000, uliwapa wakaaji wa mji nafasi ya kusema wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba masimulizi yarekodiwe katika lugha ambamo yanasemwa, yaandikwe kwanza jinsi yalivyo, ndipo yatafsiriwe. Mtumishi wa zamani anayesema *mukanda* hasemi karatasi tu. Anasema barua, hati na ushahidi kwa neno moja.

5. Hitimisho

Kazi iliyo mbele yetu haihitaji mali nyingi. Kila mhitimu anayehojiwa aulizwe mambo manne: mwaka alioingia, jina alilojiandikisha nalo, kampasi, na mwaka aliotoka. Kila mtumishi anayekaribia kustaafu apitishwe mbele ya rafu zake akifuatana na kijana mwenye daftari. Karatasi zina maadui wao, yaani mvua na mchwa, nazo zaweza kuhamishwa mahali pakavu. Kumbukumbu haina ghala jingine ila watu wenyewe, na walioingia chuoni mwaka 1956 wamebaki wachache mno.