Noeli Katika Buhaya: Maana Yake na Desturi Zake

Gazeti hili litakapowafikia, shule yetu itakuwa karibu kufungwa. Masanduku yatakuwa yamekwisha pangwa, na wenzetu wa Kamachumu, Nshamba, Katoro na Kanyigo watakuwa wakiulizana habari za magari. Swali moja husikika kila bweni: "Noeli utaila wapi mwaka huu?"

Neno hilo la "kuila Noeli" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hapana shaka sikukuu yapendeza ikiwa na chakula. Lakini je, maana yake ni kula tu? Na mtu asiye na cha kula wala cha kuvaa, yeye hana Noeli? Shule yetu ni ya Serikali, na ndani yake tumo Wakristo wa madhehebu mbalimbali na Waislamu pia. Kwa hiyo sikusudii kumhubiria mtu. Nataka tu kueleza sikukuu hii imetoka wapi, wazazi wetu huifanyaje, na kwa nini yafaa tuitazame vizuri zaidi.

Jina na Tarehe

Watu wa Bukoba na Muleba huiita sikukuu hii kwa majina mawili. Krismasi ni jina lililotoka katika Kiingereza, na asili yake ni maneno yenye maana ya Misa ya Kristo. Noeli limetoka katika Kifaransa, nalo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuzaliwa. Mapadre Weupe, walioleta dini ya Kikatoliki huku, ni shirika lililoanzishwa na Mfaransa, Kardinali Lavigerie. Si ajabu basi kwamba jina la Noeli limekaa sana vinywani mwa bibi zetu.

Kuhusu tarehe, wengi watashangaa kusikia kwamba Biblia haiitaji. Injili za Mathayo na Luka zasimulia kuzaliwa kwa Yesu, lakini hazisemi siku wala mwezi. Habari ya zamani kabisa ijulikanayo ya watu kuiadhimisha tarehe 25 Desemba yatoka Roma, mwaka 336. Jirani zetu Waorthodoksi wa Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari, kwa kuwa Kanisa lao lafuata kalenda nyingine. Wenzetu Waislamu hawafanyi sikukuu hii, lakini habari ya kuzaliwa kwa Isa si ngeni kwao: Sura ya 19 ya Kurani, iitwayo Maryam, husimulia jinsi Maryam alivyoshikwa na uchungu akiwa peke yake chini ya mtende.

Angalieni jambo moja katika masimulizi haya. Kwa Luka, mama na baba ni wasafiri waliokwenda kuandikwa katika hesabu ya watu. Wakafika mji wenye watu wengi, wakakosa nafasi katika nyumba ya wageni, na mtoto akalazwa katika hori la kulishia mifugo. Kwa Mathayo, baada ya muda mfupi wakawa wakimbizi katika nchi ya Misri. Wakristo husema kwamba Mungu alikuja duniani. Lakini hakuja kama tajiri anayepokewa kwa ngoma. Alikuja kama mgeni asiye na mahali pa kulala. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza pango lenye hori, nyasi, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao umaskini huo. Ndiyo asili ya pango la Noeli tulionalo makanisani mpaka leo.

Jinsi Ilivyofika Kwetu

Historia ya nchi yetu yafanana na masimulizi hayo. Mwanzoni mwa mwaka 1892 palitokea vita huko Mengo, Buganda, kati ya makundi ya Wakatoliki na Waprotestanti. Askofu Hirth wa Mapadre Weupe alikimbilia upande wa Bukoba, na Wakristo kadhaa wa Buganda pamoja naye. Mwaka ule ule misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Basi Ukristo haukufika Buhaya kwa mlango wa fahari. Uliletwa na wakimbizi waliotafuta pa kuweka mizigo yao.

Kwa upande wa Waprotestanti pia, Wahaya waliojifunza dini Uganda walikuwa wamekwisha anza kufundishana wenyewe kabla wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910. Kutokana na mbegu hizo mbili walitokea watu waliojulikana duniani. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912, alifanywa Askofu wa Rutabo, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kuwa Kardinali. Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa Askofu wa Walutheri wa Kaskazini Magharibi, na kutoka 1977 hadi 1984 aliongoza Shirikisho la Walutheri wa dunia nzima.

Maandalizi ya Nyumbani

Kwetu maandalizi huanza mapema. Kwanza ni nyumba. Sakafu hufagiwa, kuta hutengenezwa, na katika nyumba nyingi za wazee nyasi mpya hukatwa na kutandazwa chini. Harufu yake huijaza nyumba yote, na mtoto aliyelelewa huku, hata akae Ulaya miaka ishirini, haisahau. Kibanja nacho hupaliliwa, hasa mahali pa makaburi, kwa kuwa sisi huwazika wazee wetu katika migomba. Wanaorudi nyumbani hurudi kwa walio hai na kwa waliolala pia.

Pili ni kinywaji. Rubisi haiwezi kutengenezwa kwa saa moja. Ndizi za pombe huvundikwa siku kadhaa mpaka ziive; kisha humenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi, majimaji yake hutiwa katika mtumbwi wa mti, na mtama uliokaangwa na kusagwa huongezwa. Huachwa hadi kesho yake, ndipo huwa pombe. Sisi watoto tulikuwa tukijipanga na vikombe kabla ya mtama kutiwa, ili tupate yale maji matamu yasiyolevya. Nawashauri wenzangu wasivuke hapo.

Tatu ni nyama. Katika vijiji vingi majirani huchanga fedha kidogo kidogo, hununua ng'ombe mmoja, na siku ya mkesha humchinja na kugawana. Mtu asiyeweza kununua mbuzi peke yake huweza kupata kilo zake kwa njia hii. Huu ni ushirika wa kweli, tena wafundisha hesabu: anayeweka shilingi 5,000 kila mwezi kutoka Julai hadi Desemba anazo shilingi 30,000 bila kumkopa mtu.

Nne ni senene. Mungu ametupa chakula kinachofika na mvua za mwezi wa Novemba na Desemba, bila kulimwa wala kununuliwa mbegu. Hunyonyolewa mbawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na wengine hukaushwa ili ndugu warudi nao mjini. Zamani wanawake ndio walioshika senene na kuwatengeneza, lakini mwiko uliwakataza kuwala. Walaji walikuwa wanaume. Siku hizi sahani huzunguka kwa wote. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu laonyesha kwamba desturi yaweza kupanuliwa: yule aliyepika akiwa nje ya karamu sasa ana nafasi ndani yake.

Siku Yenyewe

Usiku wa mkesha watu hujaa makanisani, na asubuhi hujaa tena. Baada ya ibada vijana hupiga magoti kuwasalimu wazee. Mgeni aingiapo hupewa buni za kutafuna, ndiyo heshima yetu ya kale. Kisha ndizi zilizopikwa kwa maharage au nyama hupakuliwa, na watu hula pamoja. Siku ya pili, ambayo pia ni ya mapumziko kwa taifa zima, ni ya kutembeleana.

Na watu hurudi! Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 1,300, lakini mabasi hujaa. Wengine huja kwa meli ya usiku kutoka Mwanza. Zipo pia Noeli zilizokuwa chungu. Wazee huikumbuka ile ya mwaka 1978, wakati majeshi ya Amin yalipokuwa yamevamia upande wa kaskazini ya mto Kagera, na watu wa huko wakaila sikukuu mbali na nyumba zao. Noeli ya 1996 ilifika miezi saba tu baada ya meli ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei, na nyumba nyingi zilikuwa na kiti kitupu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Noeli ya mwaka ule ziko familia zilizoipokea chini ya maturubai. Je, hizo hazikuwa Noeli? Nadhani zilikaribia hori la Bethlehemu kuliko karamu zetu nyingi.

Mambo Mawili Yanayotuharibia

Sasa nafika kwenye shabaha ya makala yangu. Desturi zetu ni njema, lakini mambo mawili yazitia doa.

La kwanza ni aibu ya mikono mitupu. Imekuwa kama sheria kwamba atokaye mjini lazima aje na mizigo: sukari, vitenge, viatu vya watoto, na fedha za kugawa. Asiye navyo huona bora asije. Kaka yangu mkubwa hakuja nyumbani Noeli tatu mfululizo. Kila mwaka alituma habari kwamba kazi ni nyingi. Bibi hakusema neno. Alimenya ndizi za watu wote, na za kaka akazihesabu, na chakula chake jioni akanituma nikipeleke kwa jirani mgonjwa. Mwaka wa nne, asubuhi ya mkesha, kaka aliteremka katika meli akiwa na mfuko mmoja mdogo. Baadaye tulijua kwamba kazi ilikuwa imekwisha zamani, na kwamba miaka ile yote alikuwa na nauli ya kuja, ila hakuwa na zawadi. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Bibi hakuutazama mfuko. Alimpa buni, akamwonyesha pale alipokuwa akikaa tangu utoto, akasema, "Kaa mahali pako, nyasi ni mpya." Tangu siku ile naijua maana ya Noeli.

La pili ni mwezi wa Januari. Ni kweli kwamba Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini sare, madaftari, viatu na nauli havikuondolewa. Kila mwaka wako wenzetu wanaochelewa kufungua shule majuma mawili au matatu, na ukiwauliza sababu, watakujibu kwa sauti ndogo kwamba fedha ilikwisha katika sikukuu. Mzazi alikopa ili jirani asimcheke kwa siku moja, na mtoto akalipa deni kwa masomo ya mwezi mzima. Wazazi wetu wapendwa, twawaomba kwa heshima: kabla ya kununua nguo ya Noeli, nunueni sare. Mtoto aweza kuivaa kanisani pia. Hakuna malaika atakayemrudisha mlangoni.

Nasi wanafunzi tusiwe wenye kudai. Twaweza kufanya mambo matatu bila senti moja. Tumwandikie au tumpigie simu ndugu aliye mbali, tumwambie aje kama alivyo. Tuwasaidie wazee kukata nyasi, kuchota maji na kupalilia. Na siku yenyewe tutazame ni nani katika kijiji hana mtu wa kula naye, awe mjane, mgonjwa au mgeni, awe Mkristo au si Mkristo, tumpelekee sahani au tumwite.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mara nyingi twadhani mwenyeji hupona kwa sababu ya zawadi za mgeni. Lakini yule mgeni wa Bethlehemu hakuleta mzigo wowote, na dunia yahesabu miaka yake kutoka siku aliyozaliwa. Basi mwaka huu mtu wa kwenu akitokea njiani bila mzigo, msimwulize ameleta nini. Msogezeeni mahali pa kukaa.

Nawatakia wasomaji wote likizo njema, safari salama za barabarani na ziwani, na Noeli yenye amani. Tukutane Januari, siku ya kwanza ya kufungua shule, tukiwa kamili.