Siasa za Utoaji Mimba Homa Bay na Migori: Zilikotoka

Wakenya walioishi Marekani miaka mingi wamezoea siasa ambamo chama kimoja kinapinga utoaji mimba na kingine kinautetea. Ndiyo maana uchaguzi wa nyumbani unapokaribia, kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Nyanza Kusini huzuka swali: ODM wanasimama wapi? Na UDA je? Mwenye kuuliza huwa hapati jibu la kueleweka, na si kwamba watu wanamficha. Vyama vikubwa vya Kenya haviombi kura Homa Bay wala Migori kwa ahadi ya kuruhusu au kuzuia utoaji mimba. Lakini anayedhani kwamba wanaharakati wa kupinga hawana nguvu kule amekosea. Nguvu yao haionekani kwenye idadi ya viti. Iko kwenye maneno yaliyoingia katika Katiba, na kwenye maneno ambayo wagombea hawathubutu kuyatamka.

Mfano ulio wazi kabisa unatoka kaunti ya Homa Bay yenyewe. Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini, amekuwa akipeleka bungeni tangu 2014 mswada wa kuwasaidia wasiojaliwa watoto kupata mimba kwa njia za kitaalamu, jambo ambalo mafundisho ya Kanisa Katoliki yanalikataa kwa sababu ya hatima ya viini vinavyobaki maabara. Si mbali na kwake, mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, ndiye mwenye Mswada wa Kulinda Familia wa 2023, unaolenga hasa mapenzi ya jinsia moja na elimu ya ngono shuleni, na ambao makundi ya kidini yanayopinga utoaji mimba yaliupokea kwa shangwe. Wote wawili ni wa ODM, chama alichokiongoza Raila Odinga. Wote wawili wamechaguliwa zaidi ya mara moja na majirani walewale, wanaosali makanisa yaleyale. Chama hakijamkana hata mmoja.

Ili kuelewa imekuwaje, anza na ramani ya dini. Jimbo Katoliki la Homa Bay liliundwa 1993 likamegwa kutoka Kisii, na mipaka yake inazishika kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori. Philip Anyolo alikuwa askofu wake kuanzia 2003 hadi 2018, na katika miaka hiyo akawa mwenyekiti wa Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya, kisha Askofu Mkuu wa Kisumu, na tangu 2021 wa Nairobi. Yaani mtu aliyelisemea Kanisa lote la Kenya kuhusu uhai alilisemea akiwa ameketi Homa Bay. Wasabato nao wana mizizi mirefu: misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianza 1906. Legio Maria, waliojitenga na Wakatoliki mapema miaka ya 1960, wana mlima wao mtakatifu Got Kwer kule Migori. Na makanisa haya si ya Jumapili tu. Hospitali ya misheni ya St Camillus kule Karungu, pamoja na kituo chake cha mayatima cha Dala Kiye, na ile ya St Joseph pale Ombo, zimehudumia vizazi vya wagonjwa wa ukimwi wakati ambapo serikali ilikuwa mbali. Mtu aliyelelewa na masista hawezi kumwona padri kama mwanasiasa wa upande wa pili. Padri ni mtu wa nyumbani.

Sasa twende 2009. Rasimu ya Katiba mpya ya Kamati ya Wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, ikaishia hapo. Makanisa yakadai zaidi. Kamati teule ya wabunge ilipokutana Naivasha Januari 2010, ilitia kwenye rasimu kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale maisha ya mama yako hatarini. Ulikuwa ushindi mkubwa wa maaskofu, na waliupata kabla ya mwananchi yeyote kushika karatasi ya kura. Wataalamu walipoirudia rasimu walipanua ule mwanya: sasa ni kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, kama kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Neno "afya" ndilo lililowasha moto. Bunge likaipitisha rasimu bila kubadilisha kitu, na Kanisa Katoliki chini ya Kadinali John Njue, pamoja na Baraza la Kitaifa la Makanisa na viongozi wengi wa kiinjili, wakatangaza kwamba katika kura ya maoni watapiga LA. Mahakama za Kadhi zilikuwa sababu yao ya pili.

Mama yangu ni wa Chama cha Akina Mama Wakatoliki, wale wa kitambaa cha kichwa na sare. Jumapili kabla ya kura ya maoni, waraka wa maaskofu ulifafanuliwa kanisani kwao aya kwa aya, akausikiliza kwa heshima kama anavyosikiliza kila kitu kinachosemwa altareni. Jumatano, tarehe 4 Agosti, akapanga foleni tangu alfajiri na akachagua kijani, rangi ya NDIYO. Nilipompigia simu kumuuliza, hakuona mgongano wowote. Alisema mtoto ni wa Mungu, hilo halina mjadala, na Katiba ni ya Raila, na hiyo tumeingojea miaka mingi. Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau: kwamba wanaume walioandika waraka ule hawajawahi kuitwa usiku na jirani anayevuja damu.

Akina mama wa aina yake walikuwa wengi. Nchi nzima NDIYO ilipata asilimia 68.6, na katika Mkoa wa Nyanza ilivuka tisa kati ya kila kura kumi. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila walikuwa upande mmoja. LA ilishinda mkoa mmoja tu, Bonde la Ufa, ambako sauti yake kubwa ilikuwa ya William Ruto, wakati huo Waziri wa Elimu ya Juu. Wengi husimulia kwamba makanisa yalishindwa vibaya siku ile. Mimi nasema yalishindwa kura yakabaki na maandishi. Ibara ya 26 inayosema uhai huanza mimba inapotungwa ndiyo sheria kuu ya nchi hadi leo, na imepigiwa kura na watu walewale waliowakaidi maaskofu. Ruto naye alitoka kwenye kampeni ile akiwa na mtandao wa wachungaji, na 2022 wengi wa wachungaji wa namna hiyo walimwombea hadharani hadi akaingia Ikulu. Homa Bay ilimnyima kura. Migori ilimpa chache, nyingi za Kuria, ambako majimbo yote mawili yalichagua wabunge wa UDA, chama chake. Ugawanyiko huo una sababu za kikabila na za kihistoria. Mimba haimo.

Baada ya 2010 vita vilihamia ofisini, mahali ambapo mpiga kura haoni. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka 2012 kuwaeleza madaktari na wauguzi lini sheria inawaruhusu kumsaidia mama. Desemba 2013 mwongozo ukaondolewa, na mapema 2014 ukaja waraka wa kupiga marufuku mafunzo yenyewe. Wakati huohuo utafiti wa wizara na kituo cha APHRC ulikuwa umekadiria mimba 464,690 zilizotolewa Kenya mwaka 2012, na karibu wanawake 120,000 waliotibiwa madhara yake mwaka huo. Ukiondoa mwongozo, Kanuni ya Adhabu inabaki peke yake mezani, na vifungu vyake 158 hadi 160 ni vya enzi ya ukoloni: miaka 14 kwa anayemtoa mwingine mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa vifaa au dawa. Muuguzi wa zahanati ya Muhuru Bay anajua vifungu hivyo. Ibara ya 26 huenda hajawahi kuelezwa.

Katika kipindi hichohicho, kaunti jirani ya Kisii, msichana wa miaka 14 alibakwa, akapata mimba, akaenda kuitolea vichochoroni. Madhara yalimtafuna miaka kadhaa hadi akafariki Juni 2018. Kabla hajafa, mama yake alikuwa ameshaungana na shirika la wanasheria wanawake, FIDA, na wengine kwenda mahakamani. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondoa mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria, kwamba mwathiriwa wa ubakaji ambaye afya yake iko hatarini, ya mwili au ya akili, anaweza kuhudumiwa, na wakaamuru mama huyo alipwe shilingi milioni 3. Jukwaa la Wataalamu Wakristo Kenya lilikuwa ndani ya kesi hiyo likipinga. Tazama uwanja ulivyobadilika: pande zote mbili zimetambua kwamba jambo hili haliamuliwi kwenye mikutano ya siasa, zikaajiri mawakili.

Wenye kuishi na matokeo wako ufukweni. Takwimu za kitaifa za afya za 2014 zilionyesha kwamba katika Homa Bay msichana mmoja kati ya watatu wa miaka 15 hadi 19 alikuwa ameshazaa au ni mjamzito. Kufikia 2022 Homa Bay na Migori zote zilikuwa asilimia 23, wakati nchi nzima ni 15. Imeshuka, ndiyo, lakini kila anayejua Mbita, Sori au machimbo ya dhahabu ya Nyatike anajua mambo yanavyokwenda: jaboya, yule mvuvi anayetaka mwili kabla ya kumuuzia mwanamke samaki; binti anayelipiwa nauli ya bodaboda mara mbili, ya tatu anadaiwa. Mimba ikishaingia, kuna nyamrerwa, mkunga wa jadi, na mizizi yake, kuna duka la dawa la nyuma ya soko, na kuna kukaa kimya hadi tumbo lionekane. Wanaopinga utoaji mimba wanasema kweli wanaposema kwamba msichana huyu alidhulumiwa kabla ya mimba. Ningetamani wapige kelele ileile dhidi ya mwenye boti.

Sisi tulio ng'ambo tunahusika kuliko tunavyodhani. Mwaka 2010 kituo cha sheria cha American Center for Law and Justice kilifungua tawi lake Nairobi, na Mbunge wa New Jersey Chris Smith alitaka ichunguzwe kama fedha za Marekani zilisaidia upande wa NDIYO. Kabla ya hapo, tangu Reagan 1984, kila rais wa Republican amelinyima fedha shirika lolote la nje linalohusika na utoaji mimba, na kila wa Democrat ameondoa sharti hilo. Trump alilipanua 2017 hadi likagusa misaada yote ya afya, ya ukimwi ikiwemo, na Januari 2025 akalirudisha. Huko Homa Bay, ambako utafiti wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano ana virusi, kliniki nyingi zimeendeshwa kwa dola hizo. Ndugu yetu aliyepata uraia na kupiga kura Ohio amegusa dawati la kliniki ya Ndhiwa.

Kwa nini basi wagombea wa nyumbani hawasemi? Hudhuria harambee ya kanisa mwezi mmoja kabla ya mchujo wa ODM. Mheshimiwa anafika ibada ikiwa katikati, watu wanamsogezea benchi la mbele, baada ya matangazo paroko anampa kipaza sauti. Anasifu kwaya, anatoa bahasha ya mabati, anasema neno kuhusu kulinda familia, kila mtu anaitikia. Hakuna mahali pa kusema kitu kingine. Kule ambako tiketi ya chama ni karibu sawa na kiti, mgombea hahitaji msimamo, anahitaji tu kutokasirisha mtu mwenye madhabahu. Gladys Wanga alipomshinda Evans Kidero ugavana 2022, gumzo lilikuwa tiketi, ukoo, na kama mwanamke anaweza kuongoza. Sheria za afya ya uzazi ndizo zinazolipia ukimya huo: mswada wa Seneta Judith Sijeny wa 2014 ulikwama, na wa Susan Kihika wa 2019 pia, baada ya makanisa kuuita mlango wa utoaji mimba. Lakini Kihika alisimama 2022 akawa gavana wa Nakuru, kwa tiketi ya UDA ya Ruto yuleyule wa kampeni ya LA. Kwa maoni yangu hofu ya wanasiasa ni kubwa kuliko adhabu ambayo wapiga kura wamewahi kuitoa.

Uhusiano wa altare na bahasha nao umeanza kuyumba. Novemba 2024 Anyolo, sasa akiwa Nairobi, alirudisha fedha ambazo Rais Ruto alichangia parokia ya Soweto, zaidi ya shilingi milioni 2. Na tangu Raila afariki Oktoba 2025, hakuna tena jina moja la kuwafanya akina mama wa Ndhiwa na Rongo wachague kijani hata padri akisema nyekundu. Mwaka 2027 vyama vitagombania kura za Nyanza Kusini kwa namna ambayo kizazi changu hakijaiona, na makanisa yanalijua hilo.

Wagombea wataanza kupita Dallas, Minneapolis na Seattle kuchangisha, kama kawaida yao. Waulizwe mambo mawili, na wajibu mbele ya watu: kama wataunga mkono kuandika upya vifungu 158 hadi 160 vilingane na Ibara ya 26, kwa maneno gani, na kama kaunti yao itawafunza wauguzi wake kile ambacho Mahakama Kuu ilisema 2019.