Mama alificha chumvi kwenye pindo la kanga

MSOMAJI wangu, kabla hujaanza kunicheka niseme kabisa: mimi ni mwanaume, nina ndevu zangu, na leo nazungumzia kachumbari. Anayeona aibu afungue ukurasa wa michezo.

Kwangu kachumbari si pambo la pembeni ya sahani. Pilau bila kachumbari naiona kama harusi bila ngoma. Naipenda hivi: kitunguu kikatwe chembamba, nyanya ziwe ngumu, tango liwepo, pilipili mbuzi moja, na ndimu ya kutosha mpaka jicho moja lijifumbe lenyewe. Majani ya saladi sina ugomvi nayo, ila yasinyong'onyee.

Shemeji yenu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Saladi yake ni kabeji na karoti zilizoogeshwa mayonizi, au zilizomwagiwa ile sosi ya chupa ya supamaketi. "Kachumbari yako ni maji ya ndimu tu," ananiambia. Nami namjibu kwamba yake ni uji wa kabeji. Tumeishi hivyo, kila mtu na bakuli lake, amani tele.

Mwaka jana akaja mama kutoka Tanga.

Chakula kimekufa

Mama hakuja kutembea. Alikuja kwa ajili ya kliniki, presha ilikuwa imempanda vibaya. Daktari akamwandikia vidonge, kisha akanigeukia mimi: "Kijana, punguzeni chumvi nyumbani."

Maneno hayo yalinigusa, maana mjomba wangu, ndugu yake mama wa tumbo moja, alipooza upande mmoja kwa presha hiyo hiyo. Mpaka leo anashikwa mkono kwenda uani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani haijazi hata kijiko kimoja cha chai. Na hapo unahesabu ya mkate, ya mchuzi, ya kila kitu. Chumvi ikizidi inashikilia maji mwilini, damu inaongezeka wingi, mishipa inabanwa na moyo unasukuma kwa shida.

Sasa mwambie hayo mwanamke wa Tanga! Kwetu kitunguu kinafikichwa kwa chumvi ili kitoke ukali, kinasuuzwa, halafu kachumbari ikishachanganywa inatiwa chumvi tena. Siku ya kwanza nilipompa kachumbari isiyo na chumvi, mama alionja, akasogeza sahani taratibu kwa kidole kimoja. Hakusema kitu. Wanaowajua mama zetu wanaelewa kwamba huko ndiko kusema kwenyewe.

Shemeji yenu akakataa kuingilia. "Mkwe akinuna mimi ndiye nitaonekana mbaya. Wewe akikugombeza ni haki yake, ni mama yako." Ndivyo nilivyoingia jikoni.

Siku ya tatu mama akala vizuri, akamaliza. Nikafurahi, nikajiona fundi. Baada ya kula mjukuu wake akamwomba hela ya barafu. Mama akafungua pindo la kanga, na kabla hela haijatoka, chumvi ikamwagika mezani. Chumvi ya mawe, kaisaga vizuri.

"Mama, nini hii?"

"Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi kuliko wewe. Leo unipe chakula kimekufa, nami nimeze tu?"

Nilitaka kufoka. Nikamkumbuka mjomba, nikanyamaza. Maana mama alikuwa na haki upande mmoja: chakula changu kilikuwa kimekufa kweli. Nilikuwa nimeitoa chumvi na sikuweka kitu mahali pake.

Chupa nayo ina siri

Nikaona njia rahisi ni ile sosi ya chupa ya shemeji yenu. Kabla ya kumwaga nikasoma karatasi yake, ile sehemu ya maandishi madogo. Nawe jifunze hesabu hii: wakiandika sodiamu, zidisha mara mbili na nusu ndipo upate chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Halafu angalia kipimo walichotumia, maana wengine wanaandika ya vijiko viwili, nawe unamwaga sita. Nilipopiga hesabu ya mkono wa shemeji yenu, nikairudisha chupa kwenye friji kimya kimya.

Jioni hiyo nikamuuliza mama: zamani, chumvi ikiisha dukani, bibi alikuwa anafanyaje? Uso wake ukabadilika. Akaniambia bibi alikuwa anakamua ukwaju, anatia pilipili na binzari nyembamba, anamwagia juu ya embe bichi. "Tulikuwa tunalamba bakuli," akasema. Kesho yake tukaenda wote sokoni Ilala kutafuta ukwaju.

Msidhani ni mambo ya kishamba. Ile saladi ya Caesar wanayoringia mahotelini haina uhusiano na mfalme wa Roma. Imepewa jina la Mwitaliano Caesar Cardini, aliyekuwa na mgahawa Tijuana, Mexico, miaka ya 1920, na inasimuliwa kwamba aliitunga kwa vilivyokuwepo jikoni siku ya wateja wengi. Kama yeye alitumia vya kwake, sisi na ukwaju wetu tunaogopa nini?

Sosi tatu za nyumba yetu

Ya mama, ya ukwaju: chukua bonge la ukwaju ukubwa wa yai, loweka kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, fikicha, chuja. Kaanga binzari nyembamba bila mafuta mpaka inukie, isage, tia nusu kijiko cha chai. Ongeza pilipili na sukari kidogo ya kukata ukali. Mwagia kwenye embe bichi, tango au karoti.

Yangu, ya ndimu: mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula, ndimu vijiko 2, tangawizi ya kukuna nusu kijiko cha chai, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, pilipili manga. Tia kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa kwa nguvu. Mafuta na ndimu havipatani, vikikaa vinaachana. Ukitia karanga za kusaga kijiko kimoja vinashikana muda mrefu zaidi. Wafaransa wanaweka mafuta mara tatu ya siki, ila mimi naongeza ukali maana ndio unaoziba pengo la chumvi.

Ya shemeji yenu: mtindi mzito nusu kikombe, ndimu kijiko kimoja, kitunguu saumu, giligilani iliyokatwa. Kabeji na karoti vikiingia humo, mayonizi anaisahau. Kwanza mayonizi ya kutengeneza nyumbani ina kiini cha yai bichi, na yai bichi linaweza kukuletea ugonjwa wa tumbo. Kwa mzee na mtoto mimi sijaribu.

Kitunguu je? Kiloweke kwenye maji baridi robo saa, ukamue. Ukali unapungua bila hata chembe ya chumvi. Na kama lazima utie chumvi, tia punje chache juu kabisa wakati wa kula, ulimi unazikuta pale pale. Ukiitia mapema inavuta maji ya nyanya na tango, unabaki na supu.

Jambo moja msilifanyie mzaha. Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo uchafu ukiingia hautoki. Wakazi wa Dar es Salaam tunaikumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipotuingilia. Osha mikono, osha mboga kwa maji safi yanayotiririka, suuza kwa yaliyochemshwa, na kisu kilichokata nyama kisiguse nyanya. Mgahawani nikiona kachumbari imeshinda juani, nakula wali mkavu, basi.

Ulimi haulazimishwi

Sikudanganyi kwamba mama alizoea siku moja. Wiki ya kwanza aliguna, ya pili akaanza kuongeza pilipili mwenyewe, kama mwezi hivi akalalamika kwamba supu ya jirani ina chumvi sana. Nilicheka mpaka machozi. Ulimi unazoea, ila ubembelezwe. Kliniki ya mwisho daktari alisema presha imeshuka. Vidonge hakuviacha hata siku moja, nawe usiache vyako kwa sababu ya makala hii. Ukwaju si dawa.

Sasa mezani kwetu kuna chupa tatu, na kila mtu bado anamcheka mwenzake. Shemeji yenu kwenye sosi yangu anasema anasikia tangawizi tu. Haya.

Siku ya kumsindikiza mama stendi ya Mbezi, jicho langu likaenda kwenye pindo la kanga. Lilikuwa limefungwa, limetuna. Sikuuliza, lakini mama kaniona. Akalifungua mwenyewe mbele ya watu wote, akanionyesha: noti za nauli, na vidonge vyake vya wiki.

"Umeridhika, afande?" akaniuliza.

Nikaridhika. Gari ilipoanza kuondoka akachungulia dirishani, akapiga kelele: "Mwambie mkwe wangu ile ya mtindi azidishe ndimu!"