Je, Wajua? Jinsi Sauti Inavyochorwa

Je, wajua kwamba mtoto wa Hadado, kule Wajir Magharibi, huzijua alama za sauti kabla hajafungua kitabu cha katuni? Duksi, yaani chuo cha Kurani, humtangulizia. Maalim humfundisha kuwa kistari cha mawimbi juu ya herufi ni amri ya kuvuta sauti, wakati mwingine hadi vipimo (harakati) 6. Mim ndogo inamlazimu asimame anaposoma; jim ndogo inamwachia hiari. Alama za irabu, yaani fataha, kasra na dhuma, katika umbo tunalolijua zinahusishwa na Al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra karne ya 8. Kabla yake irabu zilionyeshwa kwa nukta za rangi. Shada nayo, alama ya kukaza herufi, ni kichwa cha herufi shin kilichokatwa kikabandikwa juu.

Wachoraji wa katuni wana kanuni zao, ingawa hakuna maalim anayewachapa wakizivunja. Kiputo cha maneno huwa na mkia unaoelekea mdomo wa msemaji. Kikiwa kama wingu, na mkia wake ni viduara, mtu anawaza tu. Mzingo wa vistari vilivyokatika ni mnong'ono. Ukiwa na meno kama msumeno, ama mtu anapiga kelele, ama sauti inatoka kwenye simu au redio.

Na redio ndiyo imebeba katuni mashuhuri ya vijana nchini Kenya, Shujaaz, iliyoanza Nairobi mwaka 2010. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana anayerusha matangazo kwa siri kutoka chumbani kwake, kwa Sheng. Kitabu kilisambazwa bure ndani ya gazeti na kupitia maduka ya M-Pesa, kisha hadithi hizohizo zikasikika kwenye stesheni za FM halisi. Mwaka 2012 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kwangu mimi huo ni ujanja wa hali ya juu: sauti iliyochorwa ikatoka karatasini ikaenda hewani.

Je, wajua kwamba kuna mhusika ambaye maneno yake yaliandikwa kwenye nguo? Yellow Kid, mtoto wa mitaa ya mabanda ya New York aliyechorwa na Richard Outcault, alizungumza kupitia shati lake la kulalia, kama leso inavyomsemea aliyejifunga. Tarehe 25 Oktoba 1896, katika gazeti la New York Journal, santuri ilitoa maneno ndani ya viputo huku ikimsifu yeye na gazeti lake. Mwishowe akachomoza kasuku aliyekuwa amejificha ndani, na mtoto mwenyewe akajibu kwa kiputo. Viputo vilikuwepo kabla, hata katika vibonzo vya Uingereza vya karne ya 18, lakini magazeti yaliyafanya maneno ya namna hiyo kuwa desturi.

Mwingine aliyechora maneno kwa ujanja ni mchoraji Jan van Eyck. Katika mchoro wake wa miaka ya 1430 wa malaika akimpasha Maria habari, jibu la Maria limeandikwa juu chini. Msomaji aliyekusudiwa yuko mbinguni.

Sasa njoo kwenye tanakali, ambapo mchoraji wa Kiswahili ana utajiri asioutumia vya kutosha. Kitu kikianguka majini, chubwi! Matopeni, tapwi! Mchangani, tifu! Hahitaji hata kuchora ardhi. Herufi chache nene zinatosha kumwambia msomaji mtu ameangukia wapi. Katuni ya Hadado wakati wa kiangazi ingejaa tifu, na chubwi ingesubiri mvua.

Kuna mtego mmoja. Katuni za Japani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Matoleo mengi ya awali ya Kiingereza yaligeuzwa kama kwenye kioo, na wapiganaji wa mkono wa kulia wakawa wa mashoto. Mtoto wa Hadado husoma kutoka kulia akiwa duksi, na kutoka kushoto akiwa shuleni. Kwa hiyo ukimpelekea kitabu cha katuni, mwonyeshe kwanza kiputo cha kuanzia, asije akasoma jibu kabla ya swali.