Pedeli ya Klachi Isiporudi: Tusiishushe Giaboksi Kabla ya Kufungua Boneti

Tulikuwa tumetoka kuzika. Gari la msikiti lilisimama kwenye makutano ili kuwapisha watoto wa shule wavuke. Gia ilikuwa namba moja, na dereva alikuwa ameikandamiza klachi mpaka sakafuni. Ghafla gari likaanza kusogea lenyewe. Dereva akawahi breki, injini ikazimika, na watoto wakamaliza kuvuka salama. Alhamdulillah. Alipoinua mguu, pedeli haikuinuka. Akaivuta kwa ncha ya kiatu. Ndipo akakiri kwamba kwa wiki mbili alikuwa akiivuta hivyo, akidhani ni uzee wa gari tu.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Aliikanyaga pedeli mara moja, akahukumu kuwa pleti imekwisha. Giaboksi ikashushwa, zikanunuliwa pleti, kava na beringi mpya kwa fedha za michango ya waumini. Siku ya tano pedeli ikalala tena. Fundi wa pili alianza kwa kufungua boneti, na ugonjwa akaukuta kwenye raba isiyozidi ukubwa wa pete ya kidole.

Ndugu msomaji, ili nawe usiingie hasara kama yetu, yafaa kwanza ufahamu jinsi klachi inavyofanya kazi. Katika magari mengi, pedeli husukuma mafuta ya breki yaliyomo katika silinda ya juu, iliyo nyuma ya injini karibu na dereva. Mafuta hayo hupita katika bomba jembamba hadi silinda ya chini, pembeni mwa giaboksi. Silinda hii husukuma uma, uma husukuma beringi, na beringi huibonyeza kava ili iiachie pleti. Mafuta yakivuja, upepo ukiingia, au raba za ndani zikilika, nguvu ya mguu hupotea njiani. Hapo pedeli hubaki chini, gia hugoma kuingia, au gari husogea ilhali klachi imekanyagwa.

Pleti iliyokwisha huwa na dalili nyingine: injini hunguruma lakini mwendo hauongezeki, hasa kwenye mlima, na wakati mwingine husikika harufu ya kuungua. Kuchanganya maradhi haya mawili ndiko kulikotutia hasarani.

Uchunguzi na uanzie karibu, gari likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa. Kwanza, tazama zulia la sakafuni. Huenda ndilo linaloikamata pedeli. Tazama pia kama springi yake imekatika au imechomoka. Pili, fungua boneti uangalie kikombe cha mafuta ya klachi. Baadhi ya magari hutumia kikombe kimoja na breki. Basi kupungua kwa mafuta humo ni hatari maradufu. Tatu, pitisha kidole chini ya dashibodi, pale ufito wa pedeli unapoingia katika silinda ya juu, kisha ukague kiatu cha mpira cha silinda ya chini. Unyevu wa mafuta ni ushahidi wa uvujaji.

Nne, ipige pedeli mara kadhaa mfululizo. Ikipata nguvu kisha ikailegea, shuku upepo au raba. Ikiwa inashuka taratibu chini ya mguu uliotulia, na mafuta hayapungui wala hakuna palipolowa, aghalabu raba za silinda ya juu ndizo zinazoyapitisha mafuta kwa ndani. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa gari letu. Kwa gari linalotumia waya badala ya mafuta, kagua kama waya umechakaa, umekauka au nyuzi zake zimeanza kukatika.

Tiba hufuata chanzo. Raba hubadilishwa, au silinda nzima ikiwa ukuta wake wa ndani umechubuka. Kisha hutolewa upepo kwa watu wawili: mmoja hukanyaga pedeli na kuishikilia chini, mwingine hufungua kijibolti cha kutolea upepo kwenye silinda ya chini, hukifunga, ndipo pedeli huinuliwa. Hurudiwa hivyo mpaka mapovu yaishe, na kikombe kisiachwe kikauke. Tumia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Usithubutu kutia oili ya injini, kwani huvimbisha raba na kuharibu mfumo mzima. Mafuta ya breki hula rangi ya gari. Yakimwagika, yaoshe kwa maji mara moja.

Yapo magari ambayo silinda ya chini imo ndani ya giaboksi. Hayo, ikiwa silinda hiyo ndiyo mbovu, hayana budi kushushwa. Lakini hata hapo, mwambie fundi akuonyeshe kwanza kosa lililopo, kisha akuonyeshe kipuri kilichotolewa.

Katika kumbukumbu za kikao kilichofuata niliandika gharama zote mbili, ile kubwa isiyosaidia na ile ndogo iliyoponya, kwa kuwa fedha za watu ni amana. Kamati ikaazimia mambo mawili: dereva atoe taarifa siku ileile anapoona kasoro, na giaboksi isishushwe kabla boneti haijafunguliwa mbele ya mjumbe. Nyumbani pia azimio hilo lafaa. Pedeli inayohitaji kuvutwa kwa kiatu isipakie watoto kwenda shule hata siku moja zaidi.